Mkono Mmoja wa Rangi

Bukoba, Jumatano usiku

Mpendwa ndugu yangu Justo,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini ninyi nyote hapo Mwanza hamjambo, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Sisi tu wazima, isipokuwa mvua imeikata tena njia ya kwa Ta Rwegasira. Unisamehe kimya cha tangu Pasaka. Mara mbili nilianza kukuandikia nikaichana barua, kwa sababu kila nilipolikaribia jambo lenyewe niliona haya nikageukia habari za migomba.

Bila shaka umekwisha kusikia kwa Ma Koku, ambaye habari hailali kwake hata usiku mmoja, kwamba nimepoteza kazi ya stoo kwa kukataa kutia sahihi. Ni kweli. Lori lilileta mifuko 160 ya saruji, hati ikasema 200, na msimamizi akanisogezea kalamu huku akitazama dirishani. Sikuhubiri, Justo, wala sikutaja mstari. Nilisema tu kwamba nimehesabu mwenyewe. Mkataba wangu ulipokwisha wiki mbili baadaye, hakuna aliyenizungumzia habari ya mwingine. Jumapili iliyofuata mwinjilisti alinisimamisha mbele ya usharika, akasoma habari za mtumwa mwema na mwaminifu katika Mathayo 25, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikasimama pale nikivitazama viatu vyangu.

Wasilolijua ni kwamba mwaka juzi, mwezi ule Neema alipolazwa, nilitia sahihi hati nyingine ya namna hiyo hiyo, ya makopo 30 ya rangi ambayo hayakufika kamwe. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipewa bahasha yenye shilingi 80,000, nikanunua dawa, na chenji iliyobaki nikanunulia sukari kilo mbili. Ile sukari naikumbuka kuliko dawa. Zahanati iliyokuwa ikijengwa ipo njiani nendapo shambani, na ukuta wake wa nyuma, uliopakwa mkono mmoja badala ya miwili, umeanza kubanduka magamba kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Mama Neema, ambaye ndiye peke yake anayejua, ananiambia kwamba nilitubu usiku ule ule, Mungu amekwisha kusamehe, na kufukua kilichozikwa ni kutafuta sifa kwa mlango wa nyuma. Huenda ana haki. Lakini msamaha sina shaka nao. Kinachonikosesha usingizi ni vile vigelegele.

Unamkumbuka bibi yangu wa Kamachumu? Alipenda kutusimulia jinsi Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivyofika huku kwetu Buhaya, watu wakawa wanatembea mwendo wa siku nzima kurudisha majembe waliyoyaiba. Yeye mwenyewe alirudisha kikombe cha bati kwa mke wa mwalimu, kikiwa kimekwisha kutoboka, na yule mama akasema hakumbuki hata kama kiliwahi kuwa chake. Jinsi tulivyocheka! Sasa namwonea wivu bibi, maana kikombe kilikuwa na mwenyewe. Je, rangi ya zahanati nimrudishie nani? Nikimpelekea msimamizi, ataipokea kwa mikono miwili na kuitia mfukoni. Nimepiga hata hesabu ya Zakayo: 80,000 mara nne ni 320,000, na ndani ya nyumba hii leo hazifiki 50,000. Nilifikiri pia kununua makopo mawili na kuupaka ule ukuta mwenyewe, lakini mtu atakayeniuliza ninafanya nini pale, nitamjibu...

Ningeweza kuendelea kunyamaza, kama si jambo la wiki hii. Wazee wa kanisa wamenipendekeza niwe mhazini wa usharika, na uchaguzi ni Jumapili ya wiki ijayo. Wanasema mtu aliyekubali kukosa mshahara kwa ajili ya mifuko 40 ndiye wa kukabidhiwa ufunguo wa sanduku la sadaka. Nikikataa bila kueleza, watasema ni unyenyekevu, na sifa itazidi! Nikikubali, kila Jumapili nitakapotia sahihi daftari la sadaka nitaiona ile hati ya rangi. Bibi angesema nitembee nuruni, yaani niungame waziwazi, lakini bibi hakuwa na mtoto anayesoma kwa ada inayolipwa na wazee hao hao.

Ndiyo maana nakuomba unijibu upesi. Je, nimwambie mchungaji peke yake, au nisimame mbele ya wote walionipigia vigelegele? Wewe ulipoungama lile la mizani ya kahawa, ulianzaje sentensi ya kwanza? Walikutazamaje mwezi uliofuata? Je, mkeo alikuelewa, au na yeye alisema kama wangu? Na muda ule wote uliponyamaza kabla ya kuungama, ulikuwa ukiomba nini?

Barua hii nimempa Baba Editha, anayepanda meli kesho. Atarudi Jumatatu, tafadhali mpe jibu, hata la mistari mitatu.

Ni mimi ndugu yako katika Kristo,
Faustini