Barua ya wazi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yetu

YAH: SEMINA ZA JINSIA ZISIZO NA WANAUME

Ndugu Afisa,

Salaam kutoka huku Uporoto, kwenye viazi na baridi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua zilizofuata ngazi bado, nadhani, zinapanda ngazi.

Mkutano mkuu wa kijiji wa juzi tulisomewa taarifa yako ya semina kwamba "suala la jinsia limezingatiwa", ikafuata idadi ya me na ke. Ke tulikuwa wengi. Hongera. Ila wengi wetu siku ya semina tulikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji tukiwamenyea wageni ndizi, na karatasi ya mahudhurio tuliletewa huko huko tusaini.

Ulichohesabu ni jinsi, ndugu yangu. Hiyo Mungu alishaimaliza tukiwa tumboni. Jinsia ni nani anapalilia viazi na nani anapanda lori kwenda kuviuza soko la Soweto, Mbeya mjini. Nani anapigiwa simu na dalali, nani anajua gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo, limekwenda kwa bei gani, na nani anaambiwa tu hela imeishia kwenye mbolea. Haya hakuna aliyezaliwa nayo. Nadhani fomu zenu ndizo zimewaroga: pameandikwa "Jinsia", mbele yake Me/Ke, unatia tiki, umemaliza kazi.

Sheria inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, wakiwemo wanawake 3. Kwetu watatu wamo. Mume wangu alipokodisha shamba tunalolima wote, bila hata kuniambia, nilipeleka shauri pale. Mmoja wa hao watatu, mama mwenzangu kabisa, akaniuliza: "Kwani shamba ni la nani?" Tiki yake ipo, lakini.

Mwaka jana uliahidi mbele ya mwenyekiti kuwa semina inayofuata wanaume watakuwemo. Imefuata, tumefundishwa tena sisi kwa sisi kwamba tuna haki. Tunajua! Asiyejua yuko kilabuni.

Sidai mkopo, wala vitenge vya Machi 8. Waite wanaume. Barua za mwaliko ziandikwe kwa majina yao, si kwa jina la kikundi chetu, na mtendaji awapelekee mkononi, hata kama ni huko kilabuni. Waite tu, Ndugu Afisa.

Mkulima wa viazi,
Uporoto, Mbeya