Anayelalamika ndiye anayehamishwa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu kuhusu mfanyakazi anayemshtaki mwajiri aliyemfukuza baada ya kulalamikia unyanyasaji wa kingono imenishinda kunyamazia. Mmeieleza kana kwamba adhabu ilianza siku ya barua ya kufukuzwa. Haianzii hapo.

Binti ya marehemu kaka yangu alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Jinja. Alipomlalamikia meneja kwa maandishi kuhusu unyanyasaji kama huo, hakuna aliyemfukuza. Alihamishiwa udobi kwa kile kilichoitwa mahitaji ya kazi, akapangiwa zamu za usiku mfululizo na meneja yuleyule, akaandikiwa onyo la kuchelewa, na mwishowe akaachishwa eti hoteli inapunguza gharama. Kila karatasi ilikuwa safi. Ofisi ya utumishi ya hoteli ikamshauri akate rufaa ndani ya hoteli kwanza, naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akangoja jibu hadi ikapita miezi mitatu ambayo Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa aliyeachishwa kulalamika kwa afisa wa kazi wa serikali. Huko kwa afisa aliombwa hela ya mafuta ya pikipiki ili wito upelekwe hotelini, na baada ya kuitoa ndipo akaambiwa amechelewa. Hakuelezwa kwamba sheria inaruhusu kuchelewa kwenye sababu ya haki. Sheria hiyohiyo inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na inasema vizuri sana.

Halafu sharti la sheria hiyo la kuweka hatua za kuzuia unyanyasaji linamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25. Mwenye 24, nadhani, mikono yake haifiki. Na mwaka 2023 tuliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, unaotaka mlalamikaji alindwe asilipiziwe kisasi.

Basi iandikwe hivi: anayelalamikiwa asiguse ratiba ya zamu ya aliyemlalamikia, na uhamisho wowote wa mlalamikaji ndani ya mwaka mmoja usiwe halali mpaka afisa wa kazi ausaini. Mafuta ya pikipiki alipe mwajiri.

Mstaafu,
Walukuba, Jinja