Sarafu Zilizotembea

Sahibu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Mimi sijambo, hofu ni kwako tu, maana naona ugonjwa wa sarafu umeshakuingia na dawa yake sijaisikia popote.

Barua yako nimeisoma, na picha za mkebe ule wa marehemu mjomba nimezikagua moja moja. Umeuliza mengi, lakini kabla sijajibu hata swali moja naona umeshakata shauri: unataka sarafu moja ya kila nchi, ya kale, na ing'ae. Hapo ndipo tunapoachana njia.

Kwanza, "kila nchi" ni hesabu isiyofungika. Ujerumani peke yake, kabla ya kuungana mwaka 1871, ilikuwa utitiri wa falme na miji iliyojitawala, na mingi ilipiga sarafu zake yenyewe. Hiyo utaihesabu nchi moja au ngapi? Utachoka, na ukichoka utaanza kununua chochote ili mradi pengo lizibwe. Pili, sarafu inayong'aa mara nyingi ni ile iliyolala. Ilitoka kiwandani ikaingia sandukuni, haikununua kitu wala haikugombewa na mtu. Wapo wanaozipenda hizo na kuzilipia pakubwa, na siwalaumu. Wewe nakushauri ukusanye zilizotembea: zilizopigwa nchi moja zikatumika nchi nyingine, zikapita mikononi mwa watu ambao hata maandishi yake hawakuweza kuyasoma.

Ya kuanzia ni dola ya Kihispania, ile ya reales nane. Fedha yake ilichimbwa Meksiko na Potosí, katika Bolivia ya leo, ikapigwa hukohuko, kisha ikasambaa kote. Merikebu za Manila ziliivusha Pasifiki hadi ikafika China. Marekani iliitambua kuwa fedha halali mpaka mwaka 1857. Mwaka 1797 Waingereza, wakiwa na uhaba wa fedha, waligonga kichwa kidogo cha mfalme wao George III juu ya shingo ya mfalme wa Hispania, wakaitumia hivyohivyo. Kule New South Wales, Australia, mwaka 1813, gavana Macquarie aliagiza dola 40,000 zitobolewe katikati ili zisitoroke kwenda kwingine: pete ya nje ikapewa thamani ya shilingi tano, na kile kipande cha kati peni 15. Sarafu ileile, kila inapofika inavikwa kanzu mpya.

Mimi zinazonimaliza ni zile zilizopita China. Mfanyabiashara wa Kichina aliyepokea dola aliipima, akiridhika aligonga muhuri wake mdogo juu yake, na aliyefuata naye akafanya vivyo hivyo. Chukua moja uiweke chini ya lenzi: herufi ya Kichina imezama kwenye shavu la Carlos III, mfalme wa Hispania, ukingo wa herufi bado mkali, na ukigeuza upande wa pili unaona pale chuma kilipoisukuma fedha ikavimba. Nyingine zimegongwa sana hadi zimebonyea. Zamani wakusanyaji wengi walizitupa kando wakisema zimeharibika. Kwangu mimi kila muhuri ni mtu aliyesimama akakubali kwamba fedha hii ni ya kweli.

Sasa nije kwenye mkebe. Ile kubwa ya fedha, yenye mama mnene aliyejifunika shela, ni riale ya Maria Theresa. Usishangilie tarehe ya 1780. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huohuo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Uhabeshi walikwisha kuizoea sura yake na hawakutaka nyingine, kwa hiyo Vienna ikaendelea kuipiga kwa tarehe ileile. Baadaye ilipigwa pia Roma, London, Paris, hata Bombay, na zote zimeandikwa 1780. Kwa hiyo yako inaweza kuwa ya karne ya 18 au ya enzi za babu zetu, na kinachotofautisha ni mambo madogo mno: lulu za kwenye bruchi begani, mpangilio wa manyoya ya tai, umbo la nukta baada ya tarehe. Wapo watu waliomaliza maisha yao ya ukusanyaji kwenye sarafu hii moja tu, na sioni kama walipoteza muda.

Lakini kabla ya kujua ni ya wapi, tujue kama ni ya kweli, kwani hii ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana. Tafuta mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Riale halali ina gramu 28.07, na fedha sehemu 833 katika 1,000. Iliyotembea sana itapungua kidogo, lakini ikikupa 24, hiyo hapana. Sumaku isiishike hata kidogo. Kisha ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye glasi ya maji iliyokaa juu ya mizani, ining'inie bila kugusa chini wala ubavuni. Mizani itaongezeka kwa uzito wa maji yaliyosogezwa. Gawa uzito wa sarafu kwa ongezeko hilo. Ukipata karibu 10.2 unaweza kupumua. Shaba tupu itakupa karibu 9, na hapo ujue umepewa shaba iliyopakwa fedha.

Mwisho tazama ukingo. Waghushi wengi huhangaikia sura na kusahau ukingo. Riale ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka ukingoni, yenye maana ya haki na huruma. Dola ya Kihispania yenye sura ya mfalme ina duara na mstatili zikipokezana kuzunguka ukingo wote. Ukiona mstari mwembamba unauzunguka ukingo katikati, au vitundu vya hewa usoni, hiyo imesubiwa kwenye kalibu na haikupigwa. Ila usihukumu za Kichina kwa kanuni hiyo. Zile za shaba zenye tundu la mraba zilisubiwa tangu mwanzo, kabla ya Kristo, na zikaendelea kusubiwa mpaka Wachina walipoingiza mashine karne ya 19.

Hizo za tundu la mraba ziweke kwenye orodha yako, kwani ni nyingi na hazimfilisi mtu. Za enzi ya Song, nasaba ya kale ya wafalme wa China, zilifika mbali kuliko unavyodhani: mwaka 1945 lundo lake lilifukuliwa Kajengwa, kusini mwa Unguja. Dirhamu za fedha nazo zilitoka Bukhara na Samarkand zikapanda mito ya Urusi mpaka kwa Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia. Katika kisiwa cha Gotland, Sweden, mwaka 1999 ilipatikana hazina ya Spillings yenye sarafu zaidi ya 14,000, nyingi za Kiislamu. Wale hawakujali khalifa ni nani. Walipima kwa uzito, na palipohitajika chenji walikata sarafu vipande. Vipande hivyo vinauzwa mpaka leo, na vingine vina mkwaruzo wa kisu cha mtu aliyetaka kujua ndani kuna nini. Hata mfalme Offa wa Mercia, huko Uingereza, alipiga dinari ya dhahabu akiiga ya khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, akapachika jina lake kichwa chini miguu juu katikati ya maandishi ya Kiarabu. Hiyo iko British Museum, tuiache huko.

Za Kilwa najua utaniuliza. Ni sarafu ndogo za shaba, hazina tarehe, lakini zina jambo ambalo sijaliona kwingine: maneno ya upande mmoja yana vina na jina la sultani upande wa pili, kama beti. Tano kati yake ziliokotwa na askari mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na sarafu za Kiholanzi, na mpaka leo wanabishana zilifikaje. Nami kununua ya Kilwa sikushauri, isipokuwa iwe na karatasi zinazoonyesha imetoka kwa nani na lini. Nyingi hutoka ardhini, na sarafu iliyochomolewa ardhini kimyakimya imeshapoteza nusu ya habari zake. Tangu mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 nchi nyingi zimekaza sheria za vitu vya kale. Muuzaji akikutolea kitu kina udongo bado, mshukuru uondoke.

Ile ndogo yenye mizani na maandishi ya Kiarabu ni pesa ya shaba ya Sayyid Barghash. Mwaka wake ni wa Hijria. Zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1299 inakupa 1882. Hesabu hii itakusaidia kwa sarafu nyingi za Waturuki na Waajemi pia, ingawa huweza kupotea kwa mwaka mmoja.

Na hiyo ya senti kumi yenye tundu, ya East Africa, 1936, isome vizuri jina la mfalme. Nimeikuza picha nikaona Edward VIII. Huyu hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, na Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikutolewa rasmi. Za Afrika Mashariki zina tundu katikati, hazihitaji kichwa cha mtu, ndiyo maana ziliwahi kutoka. Si adimu, lakini hiyo usiitoe.

Sasa nakusihi: usisafishe kitu. Majivu, ndimu, dawa ya meno, brashi, vyote weka mbali. Rangi ya giza juu ya fedha ilichukua miaka kutulia, na ukiisugua mara moja hairudi, na mnunuzi anayejua ataliona hilo kabla hujafungua mdomo. Zitoe pia kwenye hivyo vifuko laini vya plastiki ninavyoviona pichani. Vikiwa vya PVC vinatoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi zinatosha, na juu ya kila moja andika uzito, ulikoipata na tarehe. Mjomba hakuandika, ndiyo maana leo tunapiga ramli.

Nisikuchoshe. Pima riale hiyo majini uniandikie namba zote mbili. Ile ya fedha nyembamba iliyokatika nusu sijaweza kuisoma; ipige picha tena pande zote mbili, taa iwe ubavuni isiwe juu, nione kama jina la khalifa limebaki au limeondoka na nusu nyingine.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Saidi