Saba ya nini, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlitoa makala kuhusu vipimo vya kisukari. Nimeisoma mara mbili, inafaa. Ila namba zote mmeziacha uchi. "Ikifika 7 una kisukari," basi. 7 ya nini?

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 31 huu. Mteja akiniambia kiuno 34, sishiki mkasi kabla sijajua ni inchi au sentimita. Kumbe kwenye damu yangu mwenyewe sikuuliza.

Karatasi yangu ya maabara ilisema 6.8. Nikampigia simu dada yangu mkubwa, maana naye alikuwa ametoka kupima. "Hata mimi ni 6.8, mdogo wangu," akasema. "Nimeambiwa sijafika huko, nipunguze uzito tu." Tukacheka, tukajiita mapacha. Mimi nilikuwa nimetakiwa kurudi baada ya wiki mbili nipimwe tena ili kuthibitisha. Sikurudi.

Sasa sikilizeni. Dada alipimwa asubuhi, akiwa hajala kwa zaidi ya saa 8. Yake ilikuwa milimoli 6.8 kwa lita, na kwa kipimo hicho mstari wa kisukari ni 7.0. Alikuwa ukingoni, lakini hajavuka. Yangu ilikuwa HbA1c, kile tunachokiita kipimo cha miezi mitatu, ambacho huhesabiwa kwa asilimia. Mstari wake ni 6.5. Mimi nilikuwa nimeshavuka zamani, nacheka kwenye simu.

Nilikuja kuelewa miezi saba baadaye, wakati naamka usiku mara nne kwenda msalani na uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano. Nikasingizia miwani. HbA1c ikatoka 9.4.

Muuguzi wa safari hiyo hakuwa na haraka. Alinieleza kwamba sukari hunata kwenye himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takribani siku 120. Ndiyo maana HbA1c husimulia miezi miwili mitatu iliyopita, wakati kipimo cha asubuhi husema habari za asubuhi ile tu. (Nakiri, baadaye nilijaribu kujinyima siku mbili kabla ya kliniki ili nisifiwe. Haikusaidia kitu.) Akaongeza kuwa mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni, kipimo hicho chaweza kumdanganya, hivyo atafutiwe kingine.

Nyumbani nina mashine ndogo ya kuchoma kidole. Sindano hainitishi, ila nachoma ubavuni mwa kidole, kwani ncha naihitaji kazini. Siku moja ilisoma 14, nikakaa chini miguu ikitetemeka. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemenya tunda na sikunawa. Nikanawa, nikajikausha, nikapima upya: 8.1.

Na mashine zenyewe hazisemi lugha moja. Nyingine hutoa miligramu kwa desilita, na huko 126 ndiyo 7.0 ileile, mtu anazidisha kwa 18. Maabara nyingine nazo huandika HbA1c kwa milimoli kwa moli, hivyo 6.5 ya asilimia inakuwa 48. Mwenye 126 akikutana na 7 yenu si atazimia? Na mwenye HbA1c ya 6.8 atalala usingizi mnono, kama nilivyolala mimi.

Naomba mchape marekebisho: kila namba na kipimo chake, na mseme kama aliyepimwa alikuwa amekula au hajala. Na huyo mwandishi wenu akija kushona suruali, akaniambia kiuno 34 akanyamaza, asishangae nikimkabidhi ya mtoto mchanga.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani