Kibanio cha nyusi na fyuzi ya gari

Malindi, Jumapili jioni

Shoga yangu wa Langoni,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi ndilo hilo ulijualo. Ujumbe wako nimeupata, na nimecheka peke yangu niliposoma kwamba gari la shemeji huko Mokowe limekataa kuchaji simu, nanyi mmeshaanza kuulizia fundi wa kutoka Mombasa. Watu wa Lamu mmezoea punda, na punda hana fyuzi! Msimwite mtu kwanza. Ngoja nikupe yaliyonifika mimi.

Mwezi uliopita nilikuwa napeleka juisi ya ukwaju harusini Mambrui. Kijokofu cha gari nimekichomeka mbele, kwenye lile tundu la kuwashia sigara. Kabla sijafika daraja la Sabaki nikahisi gurudumu la nyuma limelegea. Nikasimama, nikatoa kipampu cha umeme, nikakichomeka tundu la nyuma. Kikanguruma, dakika haijaisha, kimya. Kutazama kijokofu, taa imezima. Chaja ya simu nayo imekufa. Lakini injini inawaka, honi inalia, taa za mbele ziko. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenisitiri kwa pampu ya mkono.

Kesho yake nikampelekea fundi mmoja. Akachungulia, akavuta mdomo, akasema waya umeungua, dashibodi yote ifunguliwe, elfu 4 za kuanzia. Nikamwambia nitarudi. Nawe waijua "nitarudi" yangu.

Nyumbani nikazima gari, nikachomoa ufunguo, nikang'oa kila kilichochomekwa. Nikamulika matundu kwa tochi ya simu, maana sarafu ikiangukia mle inatosha kuunguza fyuzi, kile kijiplastiki chenye kijiwaya kinachokatika umeme ukizidi. Nikakuta kokwa ya tende. Watoto hawa!

Kisanduku cha fyuzi, kwangu mimi, kiko chini ya usukani karibu na goti la dereva. Kingine kiko chini ya boneti, lakini huko sikufika. Nyuma ya kifuniko pamechorwa ramani ya vijumba vyote. Tafuta palipoandikwa CIG au P/OUTLET. Gari la shemeji laweza kuandika vingine, kitabu chake kitakuonyesha. Ndani huwa mna kikoleo cheupe cha plastiki cha kuchomolea. Changu kilishapotea, nikachukua kibanio changu cha nyusi. Usicheke. Nikaibana ile fyuzi kichwani, nikaivuta taratibu, ikatoka kama jino bovu.

Ilikuwa ya buluu, imeandikwa 15. Nikaiinua juani: kile kijiwaya cha ndani kilichopinda kama kiatu cha farasi kimekatika katikati, na plastiki imeingia weusi. Basi, ndio ugonjwa wote huo. Kumbe matundu yote mawili yanakunywa kisima kimoja. Volti 12 mara ampea 15 ni wati 180, nami nimeyatwisha pampu na kijokofu kwa mpigo.

Dukani kwenye spea fyuzi ni shilingi 20. Ila hapa ndipo ninapotaka unisikilize, shoga. Muuzaji alinipa ya kijani, ya 30, akasema, "Hii mama haiungui tena." Nikamrudishia. Haiungui, ndiyo, kitakachoungua ni waya ulio nyuma ya dashibodi, na waya ukishika moto gari zima linakwenda. Fyuzi imewekwa pale ife yenyewe kwanza. Mkitoa ya buluu rudisheni buluu ya 15; mkitoa ya manjano, hiyo ni 20, rudisheni manjano. Na shemeji asije akaniletea ule ujanja wa kuizungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara!

Kuirudisha hakuna kazi. Haina mbele wala nyuma, ibonyeze kwa kidole gumba mpaka ikae sawasawa. Nikawasha, nikachomeka chaja peke yake, taa ikawaka. Ingeungua tena papo hapo, ningekubali kuna waya umegusana mahali, na ningemtafuta fundi wa umeme, ila si yule wangu.

Chungulieni pia vile vijimeno vya kisanduku vinavyoshika fyuzi. Gari limelala Mokowe na upepo wa chumvi, mkiona ukungu wa kijani, huenda fyuzi ni nzima ila haigusi.

Nimempa dereva wa basi la kesho kopo la achari ya maembe. Chini ya kifuniko nimefunga fyuzi nne ndani ya karatasi, mbili za buluu na mbili za manjano. Msalimie shemeji na watoto.

Kibanio sikutumii, nina harusi nyingine Ijumaa.

Wako wa Shella, ya Malindi si ya kwenu Lamu