Barua kwa Shangazi: Usiku wa Taa Bridgwater

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tulipozungumza Jumapili jioni uliniuliza kwa nini niliwatoa wajukuu zako usiku, katika baridi la Novemba, kwenda kutazama taa zinazopita barabarani. Simu ilikatika kabla sijakujibu, na kwa kuwa ndugu wengine nao wameniuliza hivyo hivyo, nimeona nikujibu hadharani.

Tulikwenda Bridgwater, mji mdogo wa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Chanzo cha sherehe yao ni njama ya mwaka 1605, ambapo Guy Fawkes, mmoja wa waliokula njama hiyo, alikamatwa chini ya Bunge, London, akilinda mapipa 36 ya baruti yaliyokusudiwa kumuua Mfalme James wa Kwanza. Kwingi nchini humu watu hulikumbuka tukio hilo kwa kuwasha moto na kurusha fataki. Bridgwater, ambako zamani walichoma mashua nzima katikati ya mji, siku hizi hupitisha msafara wa magari yaliyojaa taa Jumamosi moja mwanzoni mwa Novemba.

Wenyewe huyaita magari hayo mikokoteni, lakini usifikirie ule wa kubebea madumu ya maji. Ni jukwaa la magurudumu ambalo huweza kufika urefu wa mita 30, likivutwa na trekta, na nyuma yake hukokotwa jenereta kubwa, kwa sababu mkokoteni mmoja huweza kubeba balbu zaidi ya 20,000. Unausikia kabla hujauona. Ukishafika mbele yako, joto la balbu hukupiga usoni kama la jiko la mkaa, na watoto waliokuwa wakitetemeka walivua kofia wenyewe.

Kilichonigusa zaidi ni mikokoteni ambayo watu wake hawachezi hata kidogo. Huvaa mavazi ya kisa wanachokionyesha, wakapakwa rangi usoni, wakasimama kama sanamu muda wote wa msafara. Mmoja alipita karibu nasi akiwa ameinua mkono, pua ikimchuruzika kwa baridi, naye hakuigusa. Mwanangu mdogo alininong'oneza, "Baba, huyu ni mtu kweli?" Tukamkazia macho mpaka kope zake zilipopepesa.

Watu hao, Shangazi, hawalipwi. Ni wanachama wa vilabu vya mitaani, watu wenye ajira zao za kawaida, ambao jioni baada ya kazi hukutana kuchomelea vyuma, kufunga nyaya na kushona, karibu mwaka mzima. Baada ya Bridgwater huipeleka mikokoteni katika miji mingine ya Somerset, kisha huibomoa na kuanza kubuni mipya. Watazamaji nao hutoa sarafu, na fedha hizo huenda kwa mashirika ya hisani. Hapo nilikukumbuka wewe na wenzako mlivyokuwa mkikesha kupamba ukumbi wa harusi za watu, mapambo yanayoondolewa kesho yake. Nilitaka wajukuu zako waione kazi ya namna hiyo kwa macho yao, na hilo ndilo jibu langu.

Msafara ulipokwisha, zaidi ya watu 100 walijipanga katika barabara kuu, kila mmoja ameinua juu ya kichwa mti mrefu uliofungwa fataki nchani. Ziliwaka pamoja, cheche zikawamwagikia mabegani kama mvua, na barabara yote ikawa nyeupe. Binti yangu alijificha ndani ya koti langu, kisha akafungua kifungo kimoja ili achungulie.

Tulilala huko huko. Asubuhi, tukielekea kituo cha treni, mdogo alisimama ghafla kando ya barabara ile ile, akainua mkono mmoja, akatulia tuli bila kupepesa, huku dada yake akimhesabia kwa sauti. Alifika 19.

Mwanao,
Bristol