Afande, njoo bila taarifa: barua ya wazi kwa Kamanda wa Zimamoto Mtwara

Kwa Kamanda wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Mkoa wa Mtwara.

YAH: KUFULI LA NGAZI YA NYUMA

Shikamoo Afande,

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga chumba ghorofa ya tatu kwenye jengo la ghorofa tano hapa mjini. Jengo silitaji, kwanza kwa sababu kodi yangu bado haijaisha na mwenye jengo anasoma kila kitu mtandaoni, pili kwa sababu nikikutajia moja utaenda kwenye hilo moja, na makufuli kama la kwetu naamini ni mengi.

Msimu wa korosho uliopita, siku ya Ijumaa, saa saba na kitu mchana, nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikaangalia pasi kwanza. Haikuwa pasi. Ofisi iliyo chini yangu walikuwa wamechomeka jagi la umeme, feni na kompyuta mbili kwenye ekstensheni moja, ile nyeupe ya bei chee yenye waya mwembamba kama wa chaja ya simu. Waya ukapata moto, ukashika kapeti, kapeti likashika pazia.

Moto wenyewe sikuuona. Nilichokiona ni moshi mweusi ukipanda kwa ngazi ya mbele, na ulipanda haraka kuliko mtu anavyoweza kushuka. Leo najua kwa nini: ngazi ya ghorofa isiyo na milango ya kuzuia moshi hugeuka bomba. Hewa ya moto inapanda, inavuta nyingine nyuma yake, na wa juu ndio wanaoipokea yote. Tena moshi huo una sumu isiyo na harufu, inayomlegeza mtu kabla moto haujamfikia. Siku ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba nakohoa.

Tukakimbilia nyuma. Kule kuna ngazi ya dharura, na juu ya mlango kuna bango la kijani lenye mchoro wa mtu anayekimbia. Chini ya huyo mtu kulikuwa na geti la nondo, na kwenye geti kufuli kubwa kama kiganja changu. Ufunguo anao mlinzi, na mlinzi alikuwa amekwenda kuswali Ijumaa. Simlaumu, angeswali saa ngapi?

Tulikuwa kama watu kumi na watano kwenye kikoridoo kile. Mwenzangu alichukua pasi ya mkaa, ile tunayoitunza kwa ajili ya siku umeme ukikatika, akaanza kupiga nayo kufuli. Mpini wa pasi ukavunjika, kufuli likabaki vilevile. Dada mmoja wa stashenari ya ghorofa ya nne, anayetembelea magongo, alikuwa ameketi kwenye ngazi, ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake. Uso ule naukumbuka zaidi kuliko moshi.

Kilichotuokoa ni kijana wa bodaboda. Aliona moshi dirishani, akaingia, akachukua mtungi wa kuzimia moto ukutani pale chini. Pini ya mtungi ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, “ili watoto wasiuchezee”. Fundi simu wa mlangoni akamkatia kwa koleo. Akapulizia chini kwenye kiini cha moto, siyo juu kwenye ndimi zake, sijui alijifunzia wapi. Moto ukafa. Hakuna aliyeumia zaidi ya macho kuwasha na kifua kubana. Na katika watu wote tuliokuwa mle, hakuna aliyepiga 114, namba ya dharura ya Zimamoto. Mimi mwenyewe simu ilikuwa mkononi, nikampigia mwenye jengo.

Sasa Afande, nikiri jambo. Kufuli lile tuliliomba sisi wapangaji. Mwaka juzi wezi walipanda kwa ngazi ya nyuma usiku, wakaondoka na overloki yangu na kompyuta za watu. Tukaandika barua kuomba geti lifungwe. Sahihi yangu ni ya tatu kutoka juu. Kwa hiyo siji kwako kumshitaki mwenye jengo kama vile sisi ni malaika.

Shida ni kwamba cheti cha usalama wa moto tunacho, kimebandikwa pale mapokezi. Ugeni wa ukaguzi ukijulikana mapema, kufuli linatolewa asubuhi. Ngazi inafagiwa, maboksi ya karatasi yanahamishwa, mtungi unapanguswa vumbi, hata mlinzi huvaa soksi. Mkaguzi anakuta njia nyeupe, naye ataandika nini zaidi ya alichokiona? Kesho yake kufuli linarudi mahali pake.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 imekupa mamlaka ya kuingia majengo na kukagua. Ombi langu kwako ni moja: uyatumie bila kupiga simu kwanza. Usianzie kwenye mitungi, mitungi iko mapokezi na kila mtu anaiona. Panda ngazi ya nyuma mpaka juu, kisha shuka nayo mpaka nje, mguu kwa mguu. Ukikwama popote, na mimi ningekwama hapohapo.

Utauliza, na wezi je? Jibu lipo, na ni la zamani. Mwaka 1883, mji wa Sunderland kule Uingereza, watoto walikimbilia zawadi mwishoni mwa maonyesho kwenye ukumbi. Mlango wa chini ya ngazi ulikuwa umekazwa kwa komeo ukiwa wazi kidogo tu, ili apite mtoto mmojammoja. Walikufa watoto 183 kwa kubanana, wala hapakuwa na cheche ya moto. Baada ya msiba ule mtu mmoja alibuni komeo la fimbo, akalipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1892: mlango kwa nje haufunguki, kwa ndani ukiusukuma kwa kiuno tu unafunguka, hata gizani, hata kama hujui kusoma. Mwizi anabaki nje, mpangaji anatoka. Mafundi wetu wa vyuma hapa Mtwara wanatengeneza mageti ya kila namna, hili halitawashinda wakionyeshwa. Mwenye jengo akiambiwa tu “ondoa kufuli” ataliondoa kwa wiki moja tu. Akiambiwa “weka hili badala yake”, na sisi wapangaji tutamchangia.

Jambo jingine ni mazoezi. Bibi yangu kijijini, nyumba ya makuti ikishika moto, kila mtu alijua kazi yake: huyu anatoa watoto, yule anapanda nyumba ya jirani kubomoa paa kabla cheche hazijafika, wengine wana ndoo na mchanga. Hakuna aliyefundishwa darasani. Waliona, wakajua. Tangu miaka ya gesi, hata kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika 2015, mji huu umejifunza kujenga kwenda juu. Kushuka bado. Kwenye jengo letu sijawahi kusikia king'ora kikijaribiwa, na hatujawahi kukubaliana tukutane wapi tukishatoka, wala nani anambeba dada wa magongo. Lifti hatuna, na tungekuwa nayo isingefaa siku ya moto. Kwa hiyo ni lazima wawepo watu wawili wanaojua, kwa majina, kwamba kazi hiyo ni yao. Vijana wako wakija nusu siku moja tu kutuonyesha, chai nitachemsha mimi, na kwa jiko la mkaa.

Ukiwa tayari, njoo Ijumaa, saa saba na robo mchana. Ufunguo utakuwa msikitini.

Wako mtiifu,
Fundi wa ghorofa ya tatu,
Mtwara Mjini.